Anayegonga Ukutani

Musinzira, Gitega, 4 Februari 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Muyinga? Mkono bado unakusumbua? Mimi mzima, ila biashara ya mandazi inanimaliza. Naamka kukanda unga kabla jogoo hajawika, na sala naisukuma mbele: nitasali yakiiva, nitasali nikitoka sokoni. Jioni nasinzia katikati ya Baba Yetu. Naona aibu, Mama. Nisaidie.

Jirani yangu Swabra husali alfajiri, kisha anauza vitenge kutwa. Ananicheka: "We Jeska, Mungu wako iko anangoja mandazi?"

Mwanao,
Jeska

Muyinga, 20 Februari 2014

Mwanangu Jeska,

Marahaba. Milele, amina. Mkono wa kulia umekufa kabisa, na homa hainiachi. Naandika kwa wa kushoto, nivumilie.

Umesahau tulivyosali kambini kule Tanzania, enzi za ukimbizi? Marehemu baba yako aliamka wa kwanza, akagonga ukuta wa jirani. Aliyeamshwa aligonga kujibu, akapiga magoti. Asiyejibu alifuatwa mlangoni, huenda anaumwa. Na nani alikuwa na nafasi? Sote tulikuwa na foleni ya maji. Haba na haba hujaza kibaba: Baba Yetu moja, kabla hujagusa unga.

Mama yako,
Kasilda

Gitega, 9 Machi 2014

Mama,

Shikamoo. Homa imepungua? Mimi nimeanza kusali. Lakini niambie, umemtuma mtu? Tangu barua yako ifike, kila alfajiri ukuta wa kitandani kwangu unagongwa. Polepole, kimya kidogo, kisha tena, vilevile alivyogonga Baba. Nyuma ya ukuta ule ni korongo, hata mbuzi hapati pa kusimama. Swabra anaapa si yeye.

Naogopa. Sijajibu hata mara moja. Najifunika shuka na kusali.

Mwanao,
Jeska

Muyinga, 18 Machi 2014

Jeska mwanangu,

Marahaba. Homa inakuja na kwenda. Sikumtuma mtu. Hata hapa anagonga.

Baba yako tulimwacha kwenye udongo wa Tanzania. Siku ya kurudi hapakuwa na lori la kubeba makaburi. Nadhani anatutafuta. Mimi humjibu kwa mkono wa kushoto, kisha tunasali. Juzi nilizidiwa, sikujibu, akaja mlangoni. Sikufungua, lakini kikohozi chake nilikijua.

Mjibu, mwanangu, asije mlangoni kwako. Wewe bado kijana. Mimi nguvu zinaniishia, na akirudi sidhani kama nitamwacha nje tena.

Mama yako,
Kasilda

Gitega, 2 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili, kimya. U hali gani?

Nilianza kumjibu Baba, na hofu ikaniisha. Nagonga, napiga magoti, ndipo naenda kwenye unga. Hata Swabra ameacha kunicheka.

Leo alfajiri aligonga, nikajibu. Kisha ukuta ukagongwa tena, chini kidogo, kwa unyonge, kama mtu anayetumia mkono asiouzoea.

Niliwajibu wote wawili. Nimesali mpaka jua likatoka. Unga uliumuka ukamwagika, nikauacha hivyo hivyo.

Sasa nimo ndani ya basi la Muyinga, barua hii naileta mwenyewe. Nikifika nitagonga mlango wako. Nakuomba, Mama, unijibu.

Mwanao,
Jeska