Kompyuta Iliyomkataa Daktari

Zuhura mdogo wangu, hujambo huko Tanga? Mimi niko Mahabibo, mtaa wa mji wa Mahajanga, huku ng'ambo ya bahari. Joto linaniunguza, lakini leo natembea kifua mbele!

Mwenyeji wangu, Ma Echati, Mngazija mwenye studio ya picha za harusi, nilimkuta analia. Kompyuta yake ilikuwa imezificha picha za bibi harusi wa juzi, na kila programu ya kuua virusi aliyoiweka, kompyuta iliikataa ikidai haiaminiki. Mafundi wakasema mashine imekufa.

Nikajiuliza, inamkataaje daktari na kumkumbatia mwizi aliyeficha picha? Nikafungua pale inapotunza mihuri ya utambulisho ya kampuni inazoziamini. Kumbe mtu kaingia humo makusudi! Mihuri ya waua virusi kaitupa kwa wasioaminika, wake kauweka kwa waaminifu. Ma Echati akakumbuka: ni mgeni aliyeomba kutumia mashine dakika mbili. Alikuwa ameshakula nyumbani kwa mama huyo, na hapa aliyekula kwako haulizwi kitu.

Nikaung'oa muhuri wake, nikairudisha ile mingine. Daktari akaingia, mwizi akatoka, picha zote zikaonekana! Ma Echati akapiga vigelegele hadi majirani wakajaa mlangoni. Akanijazia sahani ya mokary, vitumbua vyao vya nazi, na mafundi wakala mabaki yangu.

Mbusu Mama. Nawe uliyemfukuza Idi mwaminifu ukamkaribisha yule wa miwani ya jua, kwa sababu tu alikula pilau kwetu: moyo wako nao umeingiliwa. Ukague kabla sijarudi.

Dadako akupendaye,
Salma