Kanga Yenye Mafuta ya Giaboksi

Jumanne.

Tangu Idi achaguliwe katibu wa karakana yetu ya ushirika hajashika spana, ameshika ufagio. Leo, kwa kuwa wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja, amezoa vipande vyote vya giaboksi ya otomatiki ya lile gari la Kiingereza la mwalimu mmoja, mteja wetu, akavimwaga kwenye karai la mafuta ya taa.

"Nimekusaidia, kaka," akasema. "Vimetakata kama vijiko vya harusi."

Vijiko! Springi, vali na pleti, vyote vilikuwa vimepangwa juu ya kanga kwa mfuatano wake. Aliyevipanga ni marehemu mke wangu, Zuhura, kabla hajaugua. Mimi nilifungua, yeye akapanga, huku akiniuliza kila kimoja kinafanya kazi gani. Tangu tumzike sijaweza kuvigusa. Kitabu cha maelekezo ya kufunga giaboksi hiyo hakipatikani hapa Tabora, na Idi anajua.

"Kanga yenyewe iko wapi?"

"Chafu ile, kaka. Iko kwenye matambara ya kufutia mikono."

Nikaichomoa humo, nikaibeba pamoja na karai la vipande hadi nyumbani. Kumjibu ni kumheshimu.

Nimeitandaza sakafuni hapa nyumbani. Kila kipande kiliacha doa la mafuta lenye umbo lake. Nimevirudisha kimoja kimoja, hata ile springi ndogo kabisa. Pembeni kuna alama ya kidole chembamba. Si changu, wala si cha mpumbavu yule.

Kesho nitaifunga giaboksi. Kanga haifuliwi.