Vitone Tisa Mkononi mwa Martini

Ujiji,
14 Agosti 1975

Kaka Zefania mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwamgongo, pamoja na wifi Regina na watoto. Sisi hatujambo. Martini wangu ana siku sita sasa hajabanwa na pumu, na nina mengi ya kukusimulia.

Hospitali imepata daktari mgeni wa vifua. Nilidhani atampiga mtoto sindano ileile ya siku zote. Kumbe alimlaza mkono mezani, akauchora kwa kalamu, akadondosha vitone tisa vya dawa: kimoja cha vumbi la nyumba, kimoja cha nyasi, kimoja cha dagaa, na kadhalika. Kisha akachoma kidogo juu ya kila kitone. Unajua nilivyo mdadisi. Nikamwomba anichome na mimi. Akacheka, akanichoma. Tukakaa robo saa tukiitazama mikono yetu. Wangu haukubadilika. Wa Martini ulivimba mahali pamoja tu, kama alipoumwa na mbu.

Palikuwa pa manyoya ya ndege. Daktari alisema pumu hii si baridi ya ziwa wala mkono wa mtu, ila mwili wa mtoto unamdhania mgeni asiye na kosa kuwa ni mwizi. Akaniuliza Martini analalia nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni mto wa manyoya ya bata, nilioushona mwenyewe. Mto nimeuchoma moto, na tumepewa kikopo cha kupulizia dawa mdomoni.

Sasa lililo zito. Kitone cha dagaa hakikuvimba hata kidogo. Nawe unakumbuka nilivyomshitaki wifi kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kwamba dagaa anaowaanika uani wanamuua mwanangu, hata mkahama. Ningeweza kusema sikujua. Lakini mwezi mmoja baada ya ninyi kuondoka nilimpeleka Martini Kidahwe kwa shangazi Agnesi, mbali na ziwa, nikambebea na mto wake. Kule hakuna dagaa hata wa kunusa, na alibanwa vibaya kuliko hapa. Nikajua wifi hana kosa. Nikanyamaza mwaka mzima kwa aibu.

Jana nimeyasema haya kwa balozi, mbele ya wanawake walewale walionisikia nikimshitaki. Msomee wifi barua yote, usiruke neno. Jumapili nitapanda boti kuja kumwomba radhi. Akikataa kuniona sitamlaumu. Nitakaa ufukweni mpaka boti igeuze.

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mdogo wako,
Melania