Emery Wetu wa Ghorofa ya Tatu

"Mama Emery, hawa wote ni wa kwako?"

Noeline, jirani yetu Mganda wa mlango wa pili, aliniuliza hivyo alipoona jozi nne za viatu vikubwa vya kiume zimepangwa mlangoni kwetu hapa Hallunda, huku ugenini. Nilicheka tu, sikumjibu. Jibu lake nakuandikia wewe leo, mwanangu.

Ni mwaka mmoja sasa tangu uanguke kwenye ngazi za stesheni ya Farsta, tarehe sita Mei 2010, saa nane mchana, jua linawaka, begi la vitabu mgongoni. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Maneno hayo nayasema kila asubuhi.

Ulikuwa mtoto wa salamu. Hata dereva wa basi ulimsalimia, naye hakuzoea kusalimiwa, akawa anakuangalia kwenye kioo. Chakula ulikiombea kwa sentensi moja, ukisema Mungu hana haraka ila wali unapoa. Maharage ulipika vizuri kuliko dada yako Arielle, na yeye anajua.

Ulipoingia chuo ukapata chumba kwenye nyumba ya wanafunzi, ghorofa ya tatu. Korido moja, jiko moja, vijana wanne: wewe, Hakim wa mtaa wa Fittja, Ladislaus Mtanzania, na Sébastien wa kwetu Kongo. Mkajiita Ndugu wa Ghorofa ya Tatu. Mgeni wa korido aliosha sufuria za wenzake mwezi mzima, kisha akaweka kiganja juu ya mfuniko wa sufuria ya wali, bado moto, akaapa: shida ya ndugu ni ya ndugu, haifiki kwa wazazi mpaka ndugu washindwe. Ulikuja kunionyesha kiganja chako chekundu, unacheka. Nikakuambia kiapo ni cha Mungu, si cha sufuria. Ukasema, "Mama, na sufuria inalisha."

Novemba 2009 bomba likapasuka ndani ya ukuta. Maji yakashuka mpaka kwenye madarasa ya chuo yaliyo chini ya nyumba hiyohiyo, ukungu ukapanda ukutani, nyumba ikafungwa. Mwaka ule wa masomo ukavunjika kama sahani. Leo mnasomea ukumbi wa kanisa, kesho maktaba, mtihani unaahirishwa, unaahirishwa tena. Mkaambiwa mtarudi baada ya Mwaka Mpya. Halafu baada ya Pasaka. Mlilala wapi? Kwangu, sebuleni, magodoro manne sakafuni. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, lakini ninyi mliendelea kupaita Ghorofa ya Tatu.

Nilisogeza meza ili Hakim apate mahali pa kuswali. Yeye akiamka kwa sala yake na mimi kwa yangu, tulikutana kwenye bomba la maji, tukasalimiana kwa kichwa. Ladislaus alikuwa ananisahihisha Kiswahili changu cha kwetu Butembo, eti mama usiseme hivi, sema vile. Ukamwambia, "Kiswahili chako safi, kaka, lakini sufuria umeiacha chafu." Hata Arielle, ambaye hunijibu kwa Kiswidi cha huku siku zote, alicheka kwa Kiswahili.

Sasa niseme lile linaloniumiza. Wasomaji wa tangazo hili mtuvumilie.

Wenye nyumba ile ya wanafunzi walisema watakaorudi kwanza ni wale ambao anwani yao bado ni ya pale. Basi ninyi wanne mkakubaliana kwamba hakuna atakayehamisha anwani. Anayehama kwenye karatasi, amehama undugu. Mimi niliishia darasa la sita, mambo ya karatasi nawaachia waliosoma. Nikaona ni vizuri watoto wanashikamana. Barua zenu zikaendelea kwenda kwenye nyumba yenye kufuli.

Mwezi wa tatu nikaanza kukuona unafunga kamba za viatu kwenye ngazi. Unapanda kidogo, unainama, unafunga. Unapanda, unafunga tena. Mara tatu, na kwetu ni ghorofa ya pili tu. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nikaona na midomo yako imebadilika rangi. Nikakuuliza, ukasema, "Kamba mbaya, mama." Nikakununulia kamba mpya, nyeusi. Nikakuongezea nyama kwenye sahani. Nikakuombea. Sikuuliza tena.

Septemba, ukiwa umeshazikwa miezi minne, nyumba ile ya wanafunzi ikafunguliwa. Hakim akaja peke yake siku ya Jumapili, nimetoka ibadani, bado nimevaa kitambaa cha kichwa. Akaweka bahasha mezani, juu ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa na jina lako. Ilikuwa haijafunguliwa. Alisema wameipata kwenye gunia la barua, chini ya vumbi la mafundi.

Arielle akanisomea. Hospitali walikuita upimwe moyo, tarehe kumi na nne Aprili, saa tatu asubuhi. Siku hiyo mimi sikuwa kazini. Ningekupeleka mwenyewe, nikakaa kukungoja na koti lako magotini.

"Mama," Hakim akasema, "sisi tulijua."

Akanieleza polepole, macho kwenye zulia. Ulizimia Februari, siku mliyoenda kubeba mabegi yenu yaliyobaki. Wakakupeleka kwa daktari wa kituo cha afya, akasema ataandika kwa hospitali, barua itakuja. Ukawaambia wenzako, mama alimzika mume wake, papa, kwa ugonjwa huuhuu wa moyo mwaka 2004, asianze kuogopa bure. Ukawakumbusha kiapo cha mfuniko. Wakanyamaza. Wakangoja barua, wakisema foleni za huku ni ndefu, tumezijua. Ulipochoka Ladislaus alikubebea begi mpaka mlangoni kwangu, akakurudishia kabla sijafungua.

Nilimtilia Hakim chai. Sikuwa na kitu kingine mkononi.

Emery, nimejaribu kumkasirikia mtu. Nimejaribu bomba, nimejaribu posta, nimejaribu hao watoto. Nikipiga magoti hasira inaisha kabla ya amina, na baada ya amina bado hupo, umekwenda. Mchungaji anasema nimwachie Mungu. Nimemwachia. Lakini mkono ulioachia haujui ukae wapi.

Tangu siku ile Hakim anakuja kila Jumapili. Ananingoja stesheni ya Hallunda, anabeba mifuko yangu, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hali chakula. Arielle hamsalimii.

Wiki hii tumekaa kuandika tangazo lako la kumbukumbu, mimi nasema, Arielle anaandika. Tulipofika kwenye majina nikamwambia aweke na ya ndugu zako wa korido. Akaweka kalamu chini. Safari hii alisema kwa Kiswahili, nipate kusikia vizuri: "Walijua, mama. Walijua wakanyamaza. Hao si familia."

Nikamwambia, "Mimi niliona kamba za viatu, nikanunua kamba mpya. Kama aliyeona na kunyamaza anafutwa, anza na mimi."

Akachukua kalamu.

Kwa hiyo wanaokukumbuka ni hawa: mimi mama yako Kahindo, dada yako Arielle, shangazi yako Agripina na wote wa Butembo, ambao hawajaona hata kaburi lako, jirani yetu Noeline, ambaye sasa amejibiwa kwamba ndiyo, wote ni wa kwangu, na ndugu zako Sébastien, Ladislaus na Hakim. Papa yako Onésime tunaamini unaye huko. Sisi huku tutakukumbuka daima, kila mtu na alichokijua.

Jumapili nilimsomea Hakim mpaka hapa. Aliposikia jina lake aliomba niliondoe, akisema aliyenyamaza hastahili. Nikamwambia limeshaandikwa, na wino huu ni wa Arielle. Akamgeukia dada yako. Arielle akamsogezea sahani ya maharage, ya kwanza tangu Septemba. Hakim akaitazama, akasimama, akaingiza miguu kwenye viatu, akatoka kamba zake hazijafungwa, sahani haijaguswa.