Tanzia ya Bi Sharifa

Jumatano, Mapinga. Rasharasha tangu asubuhi, umeme umekatika, na nguo nilizorudi nazo kutoka Mkange bado ziko kwenye begi.

Mama amefariki. Naandika hivyo kwa kifupi ili nisipate nafasi ya kupamba. Tulimzika kwao Mkange Alhamisi, Jumapili tukaanua matanga, jana nikarudi hapa peke yangu.

Asubuhi ya maziko niliweka picha yake mtandaoni, nikaandika "Tanzia", jina lake na saa ya kuzika. Kisha nikaketi mkekani kuwasubiri wenzangu. Sisi wasanii tuna desturi yetu: akifiwa mmoja tunakodi Costa, tunavaa sare ya vitenge, tunafika hata kama ni mwisho wa barabara. Misiba ya wenzangu sijakosa hata mmoja. Nikamwambia mama mdogo aongeze mchele, kuna wageni wa Dar wanakuja.

Hawakuja.

Kosa ni langu. Mwezi uliopita tamthilia yetu ilimuua Bi Sharifa, mama mkwe mkorofi niliyemwigiza kwa miaka saba. Waandaaji wakataka kiki ya kuvuta watazamaji. Wakatangaza tanzia kwa picha yangu, saa ya maziko na kila kitu, bila kusema ni igizo. Nami nilikubali. Watu walilia, wengine wakafunga safari mpaka getini kwangu na khanga zao viunoni. Nikawatokea na taulo kichwani, nikawacheka. Siku ile nilijiona nimefika.

Kwa hiyo safari hii waliposoma, wao ndio waliocheka. Wakaandika: Bi Sharifa, hutupati tena. Msimu mpya unaanza lini? Mmoja wa wenzangu, tuliyeanza naye jukwaani, alisifu hata picha ilivyochaguliwa.

Ningeweza kupiga simu. Simu moja tu ingetosha, habari ingeenea yenyewe. Sikupiga. Nilitaka waje bila kubembelezwa, na wali ukapoa.

Mama alikuja kuniona jukwaani mara moja tu, enzi nasomea sanaa pale Bagamoyo. Mchezo ulinitaka nife. Nilipoanguka, aliinuka kutoka safu ya nyuma, akapanda jukwaani na kandambili mkononi, akanifunika khanga yake na kuniomba niamke. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nimefumba macho pale chini, nina hasira naye. Baadaye nikamwambia kama hajui kutofautisha mchezo na kweli, asije tena.

Hakuja tena.

Kisa hicho nimekisimulia kwenye mahojiano mengi, na kila mara watu hucheka mahali palepale.

Leo mchana Rehema amepiga. Ndiye anayeigiza mke wa mwanangu, yule niliyekuwa nampiga kibao karibu kila wiki. Hakuanza na utani wake wa kawaida. Alisalimia tu.

"Dada Zuhura, nisamehe kwa kuuliza. Ile ya mama ni kweli au ni kazi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Khanga ya mama ilikuwa mapajani kwangu, nimepewa na mama mdogo wakati wa kuagana.

"Ni kazi, mdogo wangu," nikamjibu. Na nikacheka, kile kicheko cha Bi Sharifa.

Akashusha pumzi, akasema nimemtisha sana, akaaga.

Sijui kwa nini nilisema vile. Labda niliona aibu kukiri kwamba siku zote hizo nimekaa bila mwenzangu hata mmoja. Labda nimezoea kuandikiwa maneno mpaka yangu mwenyewe hayanitoki. Baada ya hapo nimelia vibaya, makamasi mpaka kidevuni. Mwongozaji yeyote angesema turudie.

Mvua imepungua. Nimejitanda khanga ya mama, bado ina harufu ya udi wake. Nimemwandikia Rehema ujumbe mara nne, mara nne nimefuta. Wa tano nimeutuma kabla sijausoma tena: nilikudanganya, mama amefariki kweli, naomba uje.

Umefika kwenye simu yake. Bado hajaufungua.

Na akiufungua, kwa nini aniamini?