Ubeti wa Jina Lake

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika hapa Ibra, Omani, marahaba. Sote wazima alhamdulillahi, na mamako kajifungua mtoto wa kiume.

Waniuliza kama umsome huyo mwandishi wa Kijerumani aliyemsifu dikteta. Mie Wajerumani siwajui. Ila Unguja, usichanani mwangu, tulikuwa na malenga mmoja. Bila nyimbo zake hapakuwa na harusi. Walipokuja watawala wapya wakatutesa, yeye akawatungia sifa. Basi nyimbo zake tukaendelea kuziimba, lakini ubeti wa mwisho, ule anaojitaja jina, tukauacha.

Juzi nikimbembeleza mdogo wako, nikaimba wimbo wa yule malenga mpaka mwisho. Jina lake likanitoka lenyewe, na mtaa wetu wote wa Unguja ukaja nyuma yake. Nikalia.

Jibu langu ndilo hilo, sina jengine.

Bibi yako