Sahihi ya Mwalimu Mose

Nyumbani,
Nyamira.

21 Julai, 2024

Mpendwa mwanangu Kwamboka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi baba yako mdogo, na kwa wote wa nyumba hii. U hali gani huko Kanada? Kile kikohozi ulichotuambia wakati wa Pasaka kimeisha? Sisi tunaendelea, ila miguu ya nyanya yako imevimba tena, na Sabato iliyopita hakufika kanisani. Mvua ya mawe nayo imepiga majani chai, kwa hiyo tunachuma kidogo tu.

Najua ulitarajia simu. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu ungeanza kulia kabla sijafika mwisho, nami ningenyamaza. Ndugu yako Duke ataipiga barua hii picha akutumie.

Karatasi za masomo yako ya anthropolojia nilizipeleka kwenye chuo chako cha zamani kama ulivyoniagiza. Kozi zote za darasani zimepigwa muhuri, na hizo chuo kipya kitakuhesabia. Iliyobaki ni moja, ile ya utafiti, ulipokaa Marani ukiwauliza akina mama jinsi wanavyoomboleza wafu wao. Dada wa ofisi ya msajili alisema maelezo ya kozi hiyo lazima yatiwe sahihi na mwalimu aliyeifundisha, naye ni Daktari Mose peke yake. "Hatujamwona tangu Desemba," akaniambia. "Nasikia yuko kwao Ogembo, anaugua."

Nikaenda Ogembo. Kwamboka, mwalimu wako amepatwa na kiharusi. Sikutaka ulisikie hili kwa mtu mwingine, maana najua ndiye aliyekushika mkono ulipotaka kuacha masomo, mwaka ule baba yako alipofariki.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Mke wake, Bochaberi, alinikaribisha vizuri. Mwalimu alinisalimu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Nikamwambia nimetumwa na Kwamboka, mwanafunzi wake. Akauliza, "Amevuka?"

Unajua mwenyewe jina lako kwa Kigusii ni la kuvuka mto. Sijui kama alikumbuka kwamba ulikwenda ng'ambo au alilisikia jina tu. Nilimjibu kwamba ulivuka salama. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, halafu akarudia habari za ng'ombe wake.

Bochaberi aliichukua ile karatasi akaisoma yote. "Kalamu anaishika nikimshikilia mkono," akasema. "Tumsaidie kutia sahihi, mtoto asipoteze mwaka. Angekuwa na akili zake angetia."

Ni kweli, angetia. Hata mimi naamini hivyo. Na kalamu ilikuwa tayari kati ya vidole vyake. Lakini nilipouona mkono wake ukiinuliwa na mkono mwingine, nilimwona babu yako siku ile walipomshika kidole gumba wakakipaka wino na kukibandika kwenye hati ya shamba, naye hajitambui. Unajua kilichofuata. Mpaka leo tunalima kipande hiki chembamba cha juu, na shamba la bondeni ni la wengine. Nikamwomba Bochaberi amwache.

Hakufurahi. Alimtoa mumewe kalamu vidoleni polepole, akanirudishia karatasi. "Basi mtoto wenu atarudia mwaka kwa sababu ya dhamiri yako," akaniambia. Niliikunja karatasi nikaaga. Mama yako mdogo Nyangate naye alinisema vivyo hivyo nilipofika nyumbani, na tangu hapo ananiwekea chakula mezani bila neno.

Uliniambia kwamba bila kozi hiyo hawatakuruhusu kuingia mwaka wa tatu, na kwamba wanafunga usajili mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo nimekupotezea mwaka, mwanangu, nikiwa macho. Lawama ikae kwangu. Usiipeleke kwa mwalimu wala kwa mke wake.

Nilirudi chuoni kuuliza kama kuna njia nyingine, hata kama ni ya kukufaa watakapofungua tena Januari. Yule dada alinisomea kanuni zao. Mwenyekiti wa idara anaruhusiwa kutia sahihi kwa niaba ya mwalimu aliyefariki. Aliye hai hawezi kutiliwa. "Na huyu yu hai," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kila nikipeleka ndizi soko la Daraja Mbili na kukutana na mtu wa Ogembo, namwuliza hali ya mwalimu. Juzi mmoja akanijibu kwamba sasa anakula vizuri na anasimama akishikiliwa. Nikasema Mungu asifiwe. Lakini kabla sijasema, moyo wangu ulikuwa umeshuka kwanza, kama wa mtu aliyenyimwa kitu, nami niliuona ukishuka. Nimekuambia hili kwa sababu huenda nawe ukapatwa na wazo kama hilo usiku mmoja huko uliko. Likikujia, usidhani u peke yako. Lifukuze, kisha umwandikie mwalimu. Bochaberi atamsomea.

Nyanya yako anakusalimu, na anasema uvae vizuri hata kama huko sasa ni majira ya joto. Duke anakusalimu, na shangazi yako Nyakerario pia. Hata Nyangate, pamoja na hasira zake kwangu, amesema nisisahau kuandika jina lake.

Mungu aliyemwangalia baba yako mpaka mwisho akuangalie na wewe, na akupe nguvu ya kuanza tena pale ulipokwisha kupita.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Baba yako mdogo,
Onchiri.